Mapunye hayatibiwi kwa krimu ya kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mapunye, ambayo wazazi wengi hapa Moshi bado tunayachukulia kuwa ni uchafu tu wa kichwani. Mwanangu wa darasa la pili alianza na duara moja nyuma ya sikio, lenye magamba meupe na nywele zilizokatikia chini kabisa. Duka la dawa likanipa krimu yenye steroidi, muwasho ukatulia siku chache, kisha maduara yakawa manne.

Baadaye daktari wa ngozi alinieleza kwamba mapunye husababishwa na fangasi wanaoingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo krimu haifiki, ndiyo maana mtoto huhitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, na kwamba steroidi hutuliza muwasho huku ikiwaacha fangasi wasambae. Antibayotiki nazo (nilikuwa nimeshazinunua) hazifui dafu, kwa kuwa fangasi si bakteria.

Naomba maofisa afya wa manispaa wazikague mashine za vinyozi wetu, hasa wiki ya kufungua shule, ambapo mashine moja hupita vichwa vingi bila kusafishwa.

Mzazi,
Majengo, Moshi