Kabla hujalirudisha uwanjani

Mwanangu Salimu,

Assalam alaykum. Sisi hapa Tanga hatujambo, ila mama yako miguu inamsumbua.

Video ya Mustang yako ikikimbia mbio za robo maili nimeitazama mpaka bando likaisha. Gari halichuchumai tena likiondoka. Umeshusha mkono wa chini, kile chuma kinachoiunganisha ekseli na bodi, pale kwenye ekseli, kwa hiyo mistari ya mkono wa chini na wa juu ukiivuta mbele inakutana karibu zaidi na juu zaidi, na nguvu inalikandamiza tairi badala ya kulalisha springi. Nimewaonyesha vijana wote wa gereji. Lakini kuushusha tundu mbili za boliti kwa mpigo, kwa nini? Ukizidisha, nyuma inaruka, tairi linagandamizwa mara moja kisha linaachiwa na kuanza kudunda. Rudisha tundu moja, kaza shokapu isitanuke haraka, halafu soma muda wa futi 60 za mwanzo kabla hujagusa kingine.

Sasa nisikilize. Tairi likiteleza, nguvu huishia kwenye moshi. Likishika kama lako linavyoshika sasa, mshtuko wote unabebwa na propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, na krosi zake, yaani viungo vya ncha zake. Picha zako zote za chini ya gari nimezikuza, sijakiona kile chuma cha kuizunguka propela. Krosi ya mbele ikikatika, propela inaanguka, inachimba lami na kulinyanyua gari, au inapasua sakafu hapo ulipokaa. NHRA, wale wasimamizi wa mbio hizi Marekani, wanakitaka kwa gari lenye tairi vipara za mashindano linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au pungufu, nawe umeshafika sekunde 12. Bamba la upana wa inchi 2, unene robo inchi, lisizidi inchi 6 kutoka krosi ya mbele. Hela ya rimu ulipata, ya hiki ulikosa?

Pua ya difu, pale inaposhikana na propela, nayo iangalie chini digrii moja au mbili. Ukikanyaga mafuta itainuka yenyewe.

Mama yako anasema mimi ndiye niliyekuzoesha kulala chini ya magari hata darasa la pili hujamaliza. Sitabishana naye.

Hela uliyotuma tumelipia ada ya mdogo wako, iliyobaki imeingia kwenye bati za jikoni. Kisima bado, fundi anatuzungusha. Shangazi yako wa Pangani anakusalimu, anauliza utaoa lini.

Chuma hicho kifungwe kabla ya Jumamosi. Ukimaliza nipigie picha kutoka chini, krosi ya mbele ionekane.

Baba yako