Risala ya wahitimu wa mafunzo ya afya ya ngono na kinga ya maambukizi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi wetu, wakuu wa vituo tunakotoka, ndugu zetu mliotusindikiza na wahitimu wenzangu wote, habari za mchana.

Kwanza kabisa asante kwa kuja, na asante zaidi kwa kukaa na sisi toka asubuhi mpaka saa hizi ukituangalia tunavyofanya mazoezi, maana wageni wengi hufika, wanatoa vyeti na kuondoka, wewe umekaa ukauliza maswali na hilo limetupa moyo sana.

Sisi tunaohitimu leo ni mchanganyiko, kuna wauguzi, wakunga, matabibu, watu wa maabara, watu wa mapokezi na wafanya usafi. Nikuambie ukweli mheshimiwa, siku ya kwanza wengine tulikuwa tunaulizana pembeni kwamba huyu wa mapokezi amekuja kujifunza nini kuhusu kaswende, na huyu mama wa usafi je, si ni mafunzo ya wataalamu haya. Siku ya pili tukapata jibu. Mama wa usafi alisimama akasema ameshachomwa na sindano mara mbili, zote zilikuwa zimetupwa na sisi wataalamu kwenye mfuko wa taka za kawaida badala ya sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, na mara zote mbili alifuta damu kwa nguo yake akaendelea kudeki, hakumwambia mtu kwasababu hakujua kama kuna dawa na aliogopa ataonekana mzembe. Darasa zima likanyamaza. Mimi binafsi nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sijaizoea, maana ni muuguzi wa miaka mingi na najua kabisa kwamba dawa kinga ya VVU ipo, inatakiwa ianze haraka iwezekanavyo na isizidi saa 72 toka uchomwe, unameza siku 28, najua yote hayo lakini sijawahi hata siku moja kumweleza mtu anayebeba taka zangu.

Alafu kuna homa ya ini B, hii ndo tunaisahau kabisa. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU uwezekano wa kuambukizwa ni kama mtu 3 kwa kila 1000, lakini kwa homa ya ini B kama hujachanjwa unaweza kufika 30 kwa kila 100, inategemea na hali ya mgonjwa aliyechomwa hiyo sindano kabla yako. Na chanjo ipo, ni dozi 3, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mkufunzi akasema waliomaliza dozi zote tatu wanyooshe mikono. Mheshimiwa mikono iliyonyooka ilikuwa michache sana, na hawa ndo watu wanaochoma watu sindano kila siku.

Tulifundishwa pia kunawa mikono, na najua mtu akisikia hivyo anasema jamani hilo nalo ni somo. Tulifungwa vitambaa machoni tukawekewa rangi mkononi badala ya sabuni, tukaambiwa nawa kama unavyonawa kazini, tulipofunguliwa macho vidole gumba havijaguswa, katikati ya vidole hakuna kitu, ncha za kucha hakuna kitu, watu wenye uzoefu mkubwa kabisa. Kwa sabuni na maji inatakiwa sekunde 40 mpaka 60, kwa kitakasa mikono sekunde 20 mpaka 30, na wakati wa kunawa siyo ukikumbuka tu, ni kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka mpira wa mkojo, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye hukumgusa. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa, hili tulirudiwa mpaka tukalishika.

Kuna historia tuliambiwa nikaona nisiiache. Mwaka 1847 huko Vienna daktari mmoja anaitwa Ignaz Semmelweis aliona kwamba wodi ya wazazi wanayohudumia madaktari na wanafunzi wao ina vifo vingi kuliko ile ya wakunga, akaja kugundua hawa madaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha. Akaagiza wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa nne mwaka huo walikuwa wanakufa kama akina mama 18 kwa kila 100, miezi michache baadae vikashuka mpaka kama 2. Na bado wenzake wengi walimkataa, iliwauma kuambiwa kwamba mikono yao ndo inaua. Nimeifikiria sana hii habari kwasababu hata sisi kuna siku tulikasirika darasani. Wengi wetu tulifundishwa zamani kuloweka vifaa kwenye klorini asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, na tumefanya hivyo miaka yote, sasa tukaambiwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haushauri tena, maana damu inaiua nguvu klorini, vifaa vinaliwa na kutu, na hayo maji yenyewe yanaweza kuwa chanzo cha vijidudu. Kinachotakiwa ni kuosha kwanza vizuri kwa maji na sabuni ya vifaa ukiwa umevaa glovu nzito, aproni na kinga ya macho, alafu ndo unapeleka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Tulibishana kweli, ila mwisho tulikubali.

Sasa nije kwenye upande wa afya ya ngono, na hapa ndo nina maneno mengi zaidi mheshimiwa unisamehe.

Kila siku duniani watu zaidi ya milioni 1 wa miaka 15 mpaka 49 wanapata maambukizi mapya ya ngono ambayo yanatibika kabisa, yaani kisonono, klamidia, kaswende na trikomona. Na wengi wao hawana dalili yoyote. Maana yake ukikaa unasubiri mtu aje aseme anatokwa na uchafu, umeshawaacha wengi, inabidi uulize. Na kuuliza ndo kulikuwa kunatushinda. Tulifanya maigizo, mmoja mgonjwa mmoja mhudumu, watu wazima na akili zetu tukashindwa kutamka maneno, tunaangalia chini, tunasema "kule", "ile kitu". Mkufunzi akatuuliza kama wewe mwenye kazi yako unaona aibu, yeye aliyekuja na tatizo afanyeje.

Tukafundishwa kuanza kwa kuomba ruhusa, kwamba nina maswali ya faragha ninayomuuliza kila mtu ili nikuhudumie vizuri, ukiona hutaki kujibu lolote niambie. Alafu unasema mwenza, husemi mume au mke, maana ukisema mume msichana ambaye hajaolewa ameshajua kwamba wewe ushamhukumu. Unauliza kuhusu wenza, kuhusu kinga, kuhusu maambukizi ya nyuma, kama anataka kupata mimba au hataki, na uso wako usibadilike.

Niseme na langu. Miaka ya nyuma alikuja binti kwenye kituo nilichokuwepo, ana maumivu ya tumbo chini, nikamwambia kwa umri wako huu ulikuwa unatafuta nini. Aliinuka akaondoka na sikumuona tena. Sijui alitibiwa wapi au kama alitibiwa, na klamidia ikiachwa inaweza kuziba mirija ya uzazi mtu asije kupata mtoto. Nimekaa na hilo neno miaka yote. Na mwenzetu wa mapokezi nae alisema alikuwa anaita kwa sauti, wewe wa kisonono chumba namba mbili, hakuwa na nia mbaya kabisa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapo kwake ndo matibabu yanaanzia.

Kwahiyo tulichokiona sisi ni kwamba haya masomo mawili ni somo moja. Mwanamke anakuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, spekulamu, yaani kifaa cha kufungulia uke, ikiwa haijasafishwa vizuri unampa ugonjwa ambao hakuja nao, na maneno yako yakiwa machafu harudi tena kuchukua huduma, vyovyote vile umemuumiza. Dunia imejiwekea lengo la kutokomeza saratani hiyo, kwamba ifikapo 2030 wasichana 90 kwa kila 100 wawe wamechanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoisababisha, kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35 na tena 45, na 90 kwa 100 ya wenye tatizo wapate matibabu. Huyo wa kupimwa mara mbili hatarudi kama mara ya kwanza ulimuaibisha.

Changamoto zipo mheshimiwa. Kaswende kwa mjamzito inapimwa kwa tone la damu la kidole na majibu yanatoka hapohapo ndani ya dakika 20, ikiwa ni ya hatua za mwanzo sindano ya penisilini ya benzathini dozi moja inamtibu mama na kumkinga mtoto, lakini kuna vituo tunavyotoka kipimo kipo dawa haipo, au dawa ipo kipimo hakuna. Maji nayo, huwezi kumfundisha mtu sekunde 60 za kunawa kwenye bomba kavu. Na dawa kinga za baada ya kuchomwa zinafungiwa kabatini, ufunguo anao mtu mmoja ambaye usiku yuko nyumbani kwake amelala, wakati saa zinahesabika.

Ila kama ungeniuliza kitu kimoja tu, ningekuomba mlango. Vyumba vingi tunavyofanyia ushauri vina pazia, na pazia halizuii sauti, tumejifunza kuuliza maswali yote haya mazuri lakini nje kuna benchi la watu kumi wanasikiliza, hapo hata uwe na ustadi gani mtu hatakujibu ukweli. Mlango unaofungwa siyo gharama kubwa.

Tunaomba pia wakufunzi wapangiwe kutufuata vituoni baada ya miezi mitatu waone tunachofanya, manake tunajijua, mtu akirudi kwenye foleni ndefu anarudi na tabia za zamani.

Na ombi la mwisho lipo mezani kwako tayari, ni ile karatasi iliyo chini ya vyeti. Ni orodha ya wahitimu wote ambao hawajamaliza chanjo ya homa ya ini B, tumewaandika kwa majina na vituo, na tumekubaliana jina la kwanza liwe la mama yetu wa usafi. Tunaomba kabla hujaondoka uisaini ili chanjo zianze wiki hii.

Naomba kuwasilisha.