Kabla ya mitambo ya upepo baharini, tutazame gati kwanza

Mhariri,

Kila umeme unapopungua saa za jioni, hatukosi mtu wa kupendekeza Kenya ijenge mitambo ya upepo baharini, kule Pwani, kama walivyofanya Denmark na Uingereza. Upepo upo, sikatai. Ila mjadala wetu huanza na upepo na kuishia hapo hapo, ilhali muunda mitambo huanza na kiwanda, gati na meli. Naomba nafasi nieleze upande huo, maana ndiko bei inakoamuliwa.

Shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka wa 1991: mitambo 11, kila mmoja wa kilowati 450. Leo kampuni ya Vestas ya Denmark inauza mtambo wa megawati 15 ambao bawa lake moja lina mita 115.5, na baadhi ya kampuni za China zimeshavuka megawati 18. Sababu ni hesabu. Ukirefusha bawa mara mbili, eneo linalofagiwa na mabawa huwa mara nne. Tena baharini kila mtambo unaoweza kuuepuka ni msingi mmoja, kebo moja na safari kadhaa za meli ulizookoa. Kule Loiyangalani, mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Kwa mitambo ya megawati 15, 21 ingetosha.

Hesabu hiyo humvutia yeyote. Isichoonyesha ni kwamba uzito wa bawa huongezeka kwa kasi kuliko eneo linalofagiwa, na kwamba kila ukubwa mpya hudai kalibu mpya, yaani umbo kubwa ambamo bawa hutengenezwa, jengo refu zaidi na meli yenye kreni ndefu zaidi. Kalibu hulipa gharama yake ikitoa mabawa mamia ya aina moja. Mteja akidai ukubwa mwingine baada ya miaka mitatu minne, kalibu hutupwa kabla haijajilipa, na meli iliyoundwa kwa mitambo ya jana haifikii kilele cha mnara wa leo. Ndiyo sababu watengenezaji wa Ulaya wamesema hadharani kwamba mbio za ukubwa zitulie kwanza. Nawaunga mkono kabisa.

Mbio hizo zina madhara kiwandani pia. Bawa hutengenezwa kwa kutandika matabaka ya kitambaa cha kioo, pamoja na mbao nyepesi za balsa, ndani ya kalibu. Hewa hunyonywa, gundi ikiwa bado majimaji hupenyezwa, kisha huachwa igande kwa joto. Kitambaa kikijikunja milimita chache tu, nyuzi hupinda na hazibebi tena mzigo uliokusudiwa. Aina nyingi za mabawa huwa na nusu mbili zinazobandikwa. Ubandikaji ukiwa na mapengo, bawa hupita likionekana zima, kisha hukatika likiwa kazini. Julai 2024 bawa la mtambo wa GE Vernova lilivunjika katika mradi wa Vineyard Wind, Marekani, na vipande vikafika fukwe za Nantucket. Kampuni yenyewe ilisema ubandikaji kiwandani haukutosha. Dawa yake inajulikana: kupima kila bawa kwa mawimbi ya sauti, na kuwaacha mafundi wazoee muundo mmoja.

Bahari nayo ina adabu zake. Horns Rev, Denmark, ilianza 2002 na mitambo 80 ya megawati 2. Kufikia 2004 ilibidi vyumba vya mashine, vile vinavyokaa juu ya mnara vikiwa na jenereta, vyote 80 viteremshwe na kurudishwa nchi kavu, kwa sababu transfoma na jenereta zilikuwa zikiharibika. Tangu hapo chumba cha mashine cha baharini hufungwa barabara na hewa yake hukaushwa ili chumvi isiingie. Ncha ya bawa hukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na kwa kasi hiyo tone la mvua huchimba ukingo wa mbele kama patasi. Ukingo huo huhitaji kupakwa upya, na kuupaka kunahitaji siku kavu yenye upepo mdogo.

Hapo ndipo Pwani yetu inanitia wasiwasi. Mashua ya kawaida ya mafundi huwashusha salama mawimbi yakiwa chini ya takriban mita 1.5. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mvuvi yeyote wa Lamu atakuambia bahari ilivyo. Upepo unapouza umeme ndipo fundi anaposhindwa kufika, na beringi iliyokufa Juni huenda ikasubiri Septemba. Isitoshe, nguzo ya chuma inayopigiliwa chini hutumika hadi kina cha takriban mita 60, na sehemu kubwa ya pwani yetu hudidimia ghafla ukishavuka mwamba wa matumbawe. Palipo na eneo pana la maji ya kina kifupi ni Ghuba ya Ungwana, na hapo pana wavuvi wa kamba wenye haki ya kuulizwa kwanza. Mitambo inayoelea ipo, kama ile mitano ya Hywind Scotland ya mwaka wa 2017, lakini ni ghali zaidi.

Kisha gati. Chumba cha mashine cha mtambo wa megawati 14 wa kampuni ya Siemens Gamesa kina tani takriban 500, na hushushwa pamoja na vipande vya mnara na mabawa yasiyokunjika. Gati la makontena halikujengwa kwa mzigo huo ukiwa umekaa mahali pamoja kwa wiki kadhaa. Hakuna mtengenezaji atakayeimarisha gati la Mombasa au Lamu kwa agizo moja la mitambo 20.

Bei nayo isikadiriwe kwa matumaini. Mwaka wa 2023 Uingereza, yenye bandari na mafundi tele, iliweka kikomo cha bei cha chini mno kwenye mnada wake wa umeme wakati chuma na riba vimepanda. Hakuna mradi hata mmoja wa baharini uliojitokeza. Kwa mnada wa mwaka uliofuata ikabidi kikomo hicho kipandishwe.

Sisi hapa tulikuwa na mitambo ya Turkana iliyosimama tangu 2017, ikisubiri laini ya umeme ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa iliyowashwa Septemba 2018. Fedha zilizopo ziende kwenye laini, na kwenye karakana ya kukarabati mabawa na giaboksi za mitambo iliyopo Turkana, Kipeto na Ngong.

Kwa bahari, kazi ya sasa ni moja: boya la kupimia upepo katika Ghuba ya Ungwana, likae angalau mwaka mzima lishike kusi, kaskazi na matlai, na takwimu zake ziwe wazi kwa wote. Nguvu ya upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi, hivyo kosa la asilimia 10 kwenye kasi ni kosa la karibu theluthi kwenye makadirio ya nguvu hiyo. Ningependa Wizara ya Kawi ituambie boya hilo litawekwa lini, na nani atalitunza.

Mhandisi wa mitambo ya upepo,
Nairobi