Malalamiko: Feni ya prosesa mliyoniuzia, na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja wa Duka,
Mombasa.

Bwana Meneja,

Naandika kwa adabu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Hasira bado ninazo.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mmeyabandika wenyewe ukutani, kwa hiyo siyarudii. Kabla sijatoa shilingi, nilimweleza kijana wenu kila kitu: prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i7-8700K, nimeipandisha kasi hadi gigahezi 5, nahariri video za harusi na kurekodi sauti za matangazo chumba kimoja. Nikamwambia nataka feni ya milimita 120 ya kufunga kwenye hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachoondoa joto la prosesa), ya pini nne, yenye nguvu ya kusukuma hewa ipite katikati ya mapezi, na isiyopiga kelele. Akanijibu, "Hii ndiyo yenyewe mama, wala hutaisikia." Boksi limechorwa pini nne. Nafungua nyumbani Tudor, waya ni tatu.

Pini ya nne ndiyo inayopeleka amri ya kasi. Ikikosekana, na tundu la ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) limepangwa kwa feni za pini nne, feni inakwenda mbio zake zote tangu unapowasha mashine hadi unapozima. Ndivyo ilivyokuwa. Maikrofoni yangu ilinasa mvumo huo chini ya kila neno, na mteja akaikataa kazi. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiweka feni iongozwe kwa volti. Kelele ikashuka, joto likapanda: video ikiwa katikati ya kutolewa, prosesa ikagonga nyuzi 100 na kuanza kujipunguza kasi yenyewe. Mliniuzia feni ya kasha, ya kupitisha hewa ndani ya boksi la kompyuta. Mahali pa wazi inapuliza vizuri, lakini ukiifunga mbele ya mapezi yaliyosongamana hewa haipiti. Na hakuna hitisinki inayoshusha joto chini ya hewa ya chumba, nanyi mnaijua hewa ya Mombasa wakati wa kaskazi.

Basi nikairudisha. Kijana akaichomeka kwenye pawa saplai pale pale kaunta, bila hitisinki, mlango u wazi, honi za matatu zinaingia, feni ya darini inazunguka juu yetu. Akasema, "Mbona mimi siisikii? Hiyo kelele iko kichwani mwako mama. Mwambie mzee wako aje, haya mambo ya kompyuta si ya kina mama."

Kwenye simu, kabla ya hapo, mliniambia "ilete tu, tutakubadilishia." Ningejua kinachonisubiri nisingepanda matatu.

Akaongeza kwamba kwa kuwa nimeipandisha prosesa, dhamana imekufa. Dhamana ya nini? Nilichopandisha ni prosesa, na hiyo herufi K inaonyesha kwamba Intel wenyewe, walioitengeneza, hawakuifunga kasi yake. Feni sikuigusa kwa lolote. Sijalalamikia prosesa. Nalalamikia boksi linalosema pini nne na ndani mna tatu, jambo ambalo hata mtoto anaweza kulihesabu.

Nalirudia lile la kaunta, kwa sababu sitaki mlipite haraka. Kijana wenu aliinyanyua ile feni juu, akaigeukia foleni, akauliza, "Jamani, kuna anayesikia kelele hapa?" Watu wakacheka. Mwanangu alikuwa ubavuni mwangu, ndiye aliyebeba boksi. Halafu, mbele yake, ndipo likaja hilo la "mwambie mzee wako aje." Feni inasikilizwa usiku, chumba kimetulia, si kando ya barabara ya matatu. Mhasibu wenu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo. Aliniangalia, kisha akarudi kwenye kalkuleta yake. Kazi hii ndiyo inayolipa karo ya mtoto huyo aliyesimama akisikiliza mama yake akiambiwa hajui anachokifanya.

Nilipoanza kuandika nilitaka kubadilishiwa feni tu. Kwa kuyaandika haya, nimeona haitoshi. Feni yenu siitaki tena. Nataka pesa zangu zote, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako na ya kijana huyo. Na malipo ya ile kazi ya matangazo iliyokataliwa, kwa sababu iliharibika kwa bidhaa yenu. Hati ya mteja kuikataa nimeiambatisha pamoja na nakala ya risiti, picha ya boksi na picha ya hizo waya tatu. Maboksi mengine ya aina hiyo yaondoeni rafuni.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, naenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili, na feni nitaibeba niiwashe mbele ya hakimu, mlango umefungwa.

Mteja wenu,
Tudor, Mombasa.