Mje na ndoo yake

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Pale uliposema mwanao katolewa kwenye mstari wa michezo, akakaa chini ya mti peke yake wenzake wakicheza, nililia. Wangu, naye ana usonji (autism) kama wako, yalimkuta hayo hayo akiwa na miaka 7. Nikaambiwa mkaidi, hasikii filimbi. Kumbe aliisikia kutupita sote, ilimuumiza masikio.

Usimlazimishe mpira kwanza. Anza na kile mwili wake unachokitaka wenyewe. Umesema haishi kuruka kitandani na kusukuma ukuta. Huo si utundu, shoga. Watoto wengi wenye usonji hutafuta uzito na mbano kwenye misuli na viungo, maana ndivyo wanavyouhisi mwili wao uko wapi, na wakishaupata hutulia. Basi mpe kazi nzito. Wangu hubeba ndoo mbili ndogo kutoka bombani mpaka kwenye birika la kuwekea maji, kila siku baada ya alasiri. Tulianza na robo ndoo. Leo ana miaka 13, anamsaidia ami yake kusukuma mkokoteni wa mchanga, na akirudi hukaa akala chakula chake mpaka kikaisha.

Kudaka ndiko kulikotutesa. Mpira ulimfikia kabla hajajua mkono aupeleke wapi. Nikachukua leso kuukuu, nikaipiga fundo moja, nikamrushia. Leso hutua polepole. Akaidaka kwa vidole viwili, akainusa, akanirudishia! Miezi miwili tulirushiana leso, kisha baluni, kisha mpira wa makaratasi. Mpira wenyewe tumeufikia mwaka jana, na mimi naona hatukuchelewa.

Jambo jingine ni mpangilio. Nimemchorea picha kwenye vipande vya boksi: viatu, ndoo, ngazi, bahari, uji. Akimaliza moja huigeuza. Siku niliyoiruka picha ya ngazi kwa haraka zangu alilia hadi magharibi, nami nikajua kosa ni langu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17, na wenye ulemavu wamo, wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchezesha mwili mpaka moyo uende mbio. Usitishike na hizo 60. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na uongeze taratibu. Wangu alianza na dakika 5.

Bahari sasa. Maji humkumbatia mwili mzima, kwa hiyo akiingia hataki kutoka. Lakini watoto wetu wengi hupenda maji na hatari hawaioni. Mlango ukiachwa wazi, utamkuta ufukweni. Mfunze kuelea mapema, kabla ya kumfunza kupiga mbizi. Ingieni maji yakiwa yametulia, yasimpite kiuno, na mkono wako usimuache. Maji ya kunywa nayo usingoje ayaombe. Wangu hajijui ana kiu mpaka kichwa kimuume.

Mashindano ya punda ya Maulidi hatumpeleki, zile kelele haziwezi. Ila kumpanda punda wa ami yake taratibu kwenye mchanga wa Shela, akijishikilia asianguke, hilo Ijumaa haikosi.

Shule zikifungwa njooni. Pandeni basi la asubuhi, mshuke Mokowe, upande wa bara, nitawapokea gatini. Mchoree safari mapema: basi, gati, boti, nyumba yangu. Na ndoo yake mje nayo, ile yenye mkono wa bluu, asije akapewa ngeni.

Shoga yako