Malalamiko: tairi nilizofungiwa si nilizochagua, na maneno mliyomwambia mama yangu

Kwa Meneja,
Tawi la Nakuru.

Bwana Meneja,

KUH: TAIRI NNE ZA 195/65 R15

Nakuandikia kwa heshima, ingawa Jumamosi iliyopita duka lako halikuniachia nyingi. Masharti yenu ya kubadilisha bidhaa umeyabandika mwenyewe nyuma ya keshia, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Nitaanza na lililoniuma zaidi. Nilikuja kulalamika kwamba tairi zinavuma. Mhudumu wako hakuinama hata kuzitazama. Alisimama nyuma ya kaunta, simu mkononi, akaniambia mbele ya wateja: "Madam, tairi hazina shida. Mpeleke shosho akapimwe masikio." Watu wakacheka.

Shosho aliyemsema ni mama yangu. Alikuwa amesimama kando yangu.

Siku ya kununua nilimweleza mhudumu huyo huyo kwamba kila mwezi ninampeleka mama kliniki Kisumu, na kwamba anavaa kifaa cha kusikia. Kifaa chake ni cha kawaida, hakichagui: kikikuza sauti yangu kinakuza na ngurumo ya tairi. Ndiyo maana nilizunguka dukani kwenu karibu saa nzima. Nilikataa zile zenye meno makubwa yaliyoachana, za kwenda shambani na matope, kwa sababu kila jino likigonga lami linapiga kelele. Nikachagua zenye meno madogo, yaliyobanana, yenye ukubwa tofauti tofauti ili mlio usije ukajikusanya kuwa mvumo mmoja. Lebo yake ilisema desibeli 68. Najua kipimo hicho huchukuliwa nje gari likipita, si ndani ya gari, kwa hiyo usinijibu kwa hilo. Zilizokuwa kando yake zilikuwa za 72. Tofauti ya desibeli 4 ni zaidi ya maradufu ya nguvu ya sauti, na kidole changu kilikuwa kwenye 68. Mhudumu akasema, "Sawa, madam, hizo hizo."

Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, gari lilikuwa limeshashushwa jeki na karatasi za lebo zimeshabanduliwa. Nikalipa shilingi 38,000 kwa M-Pesa bila kuinama kusoma ubavu wa tairi. Kosa langu ni hilo tu.

Njiani kwenda Kisumu, mama alivua kifaa hata kabla hatujapita Ngata, hapo nje tu ya Nakuru. Akakaa bila kusikia neno kutoka hapo hadi Ahero, mikono mapajani, akitazama majani chai ya Kericho. Kimya nilichokinunua kwenu nilikipata hivyo.

Kabla ya kurudi kwenu nilikuwa nimeshapita kwa fundi, maana kwenye simu mlidai kelele ni ya beringi za magurudumu. Akainua gari, akazungusha gurudumu moja baada ya jingine. Beringi nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajaribu: beringi ikiharibika, mara nyingi mlio hubadilika ukikata usukani kushoto na kulia. Huu haubadiliki kwa usukani. Unabadilika lami ikibadilika, unapungua penye lami laini na kupanda penye kokoto. Hiyo ni tairi. Fundi ndiye aliyenionyesha tarakimu nne ubavuni: 1419. Yaani wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa stoo miaka yote hiyo hukauka ukawa mgumu, na mpira mgumu hupiga kelele. Tena mbili kati yake mshale wa mzunguko unaelekea nyuma! Hata kufunga mlishindwa.

Ninarudi kwenye habari ya Jumamosi ile kwa sababu sijaimaliza. Aliposema "akapimwe masikio", mama alikuwa amevaa kifaa. Alikivaa makusudi, tukiwa bado nje, ili asikie maelezo yenu. Alisikia kila neno. Alisikia na kicheko, na kicheko hicho kilianzia kwa keshia, si kwa wateja. Akakivua polepole, akakifunga ndani ya leso, akaniambia twende. Hajakivaa tangu siku hiyo.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mnifungie tu tairi nilizochagua, bila kuongeza senti. Sasa sitaki tena mafundi wenu waguse gari langu. Nataka shilingi 38,000 zangu zote, pamoja na 2,500 za alaimenti ya magurudumu niliyolipia nikidhani shida iko huko, ndani ya siku saba. Zikipita, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru. Kiasi hiki ni kidogo mno kwa kikomo chake cha shilingi milioni 1, na sihitaji wakili. Nakala itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, inayolinda pia wateja, kwa sababu kumuuzia mtu tairi ya 2019 kama mpya si suala langu peke yangu.

Na pesa pekee hazitoshi. Mhudumu huyo na keshia watamwomba mama radhi, kwa sauti, kwenye kaunta ile ile, wateja wakiwapo. Nitakuja naye Jumatatu saa tatu asubuhi. Nitamsihi avae kifaa.

Mteja wenu,
mwenye risiti iliyoambatishwa na picha nne za tairi.