Jumamosi Como Park, wapenda theluji na wapenda joto

Mambo vipi ndugu zangu, naona kundi limegawanyika, wengine mnashangilia theluji wengine mnataka kurudi Tanga leo leo 😂 basi tufanye hivi, Jumamosi saa 5 asubuhi tukutane Como Park hapo St. Paul, wapenda baridi waende kuteleza kilimani na watoto, sisi wengine tunajifungia kwenye ile nyumba ya vioo yenye michikichi, humo joto tu na kiingilio ni hiari.

1. Dola 10 kila familia, chai ya tangawizi na maandazi
2. Glavu na buti za watoto, baridi ya Minnesota haina utani
3. Nani ana nafasi kwenye gari?

Andikeni "nipo" na idadi yenu kabla ya Alhamisi usiku, hela pia jamani.